Wanaume Kumi na Mmoja Niliowaandika

Kabla hujaanza kunihurumia, ujue kwamba nilikuwa nacheka. Yote niliyafanya nikicheka, na ungekuwapo ungecheka nami, maana nilijaliwa kipaji hicho, cha kumfanya mtu ashike mbavu huku ninamchomoa kitu kwapani. Sikuwa mwizi lakini. Nilikuwa karani wa kuhesabu watu. Tofauti ipo, ingawa leo ukiniambia niioneshe kwa kidole, nitakizungusha kidole hicho hewani mpaka uchoke uende zako.

Zama zilikuwa za Malkia wa Mbali. Hatukumwona. Tulichojua ni kwamba anazeeka, kwa sababu kila baada ya miaka kumi sura yake kwenye muhuri wa barua iliongezeka kidevu, na kila kidevu kipya kilikuja na amri ile ile: semeni na ninyi mmezeeka kiasi gani, na kati yenu mwanamume ni nani na mwanamke ni nani. Mwenye mimba hutamani udongo, yeye alitamani miaka yetu. Aliilia wapi, kwa kijiko gani, hatukuambiwa.

Wilaya yetu haikuwa na jina. Au ilikuwa nalo, ila mmoja wa waliohama aliondoka nalo. Ukungu ulikaa mashambani mpaka saa tano, kondoo wakakohoa ndani yake kama watu walio msibani, na ukiingia kwenye ukungu ule hukuwa na hakika ungetokea ukiwa na umri gani. Mimi nimepata kuingia nikiwa na miaka hamsini, nikatokea upande wa pili nina tisa, nimeshika kibuyu kilichopasuka, nakwenda kuchapwa kwa ajili yake. Halafu mtu akaniita kutoka konde la jirani, nikawa na hamsini tena, mikono mitupu, mgongo unauma. Ndivyo tulivyoishi. Umri kwetu ulikuwa kitu ambacho wengine walikushikia.

Nasema walikushikia na sitanii. Katika wilaya ile mtu hakutaja miaka yake kwa kinywa chake. Ilikuwa mwiko. Anayetaja miaka yake, tuliamini, ameifunga fundo, na miaka iliyofungwa fundo haiendi mbali. Kwa hiyo miaka yako ilitajwa na mtani wako. Kila ukoo ulikuwa na ukoo wake wa utani tangu zamani, watu wanaoweza kukutukana mbele ya mkweo na ukacheka, wanaoweza kumbeba kuku wako na ukawasindikiza. Mtani akiulizwa, fulani ana miaka mingapi, hatasema kweli hivi hivi. Atasema, huyu? Huyu alizaliwa mlima ukiwa bado kichuguu. Au atasema, huyu jana tu nimemfuta makamasi. Hapo watu wanacheka, halafu wanakubaliana kimyakimya juu ya namba iliyo jirani na ukweli. Na jambo moja zaidi, ambalo ndilo mzizi wa aibu yangu: mtani hashtakiwi. Akisema lolote, limesemwa kwa utani, na anayekasirika ndiye mwenye kosa.

Sasa, ukoo wangu ulikuwa watani wa nusu nzima ya juu ya wilaya. Nilipopewa kofia ya ukarani yenye kifungo cha shaba, nikawa karani na shahidi ndani ya koti moja. Niliuliza mwenyewe, nikajibu mwenyewe, nikaandika mwenyewe. Hakuna mfalme aliyewahi kupewa zaidi ya hapo.

Aliyenipa kofia ni mtu tuliyemwita Bwana Jedwali. Jina lake halisi sikulijua, na nadhani hata yeye lilikuwa limemponyoka. Kazi yake ilikuwa kuchora mistari. Hata akila aliweka maharage upande huu na viazi upande ule, na mchuzi ukivuka alisimama akauangalia kwa huzuni. Alinifundisha kwamba wilaya si mashamba wala mito wala watu. Wilaya ni ngazi. Kila kidato ni miaka kumi. Upande wa kulia wanasimama wanaume, upande wa kushoto wanawake. Chini kabisa wamejazana waliozaliwa juzi, wanalia, wanasukumana. Kadiri unavyopanda, watu wanapungua, na juu kabisa kuna ajuza mmoja peke yake, ameshika ukingo, haangalii chini.

Nikatoka kuhesabu.

Nyumba ya kwanza walinikaribisha kwa jina la mtoto wao aliyeondoka. Ya pili vilevile, kwa jina jingine. Ya tatu mama mtu alinishika uso kwa viganja viwili, akaniuliza mbona nimechelewa hivyo, akanipakulia. Nilikula. Nilikuwa Shomvi mahali pale, nikawa Mbega mlango wa pili, nikawa mwanamume yeyote aliyekosekana, kwa sababu walikosekana wote. Vijana wa miaka ishirini mpaka thelathini walikuwa wamekwenda Mji wa Madohani, kule ambako moshi hutoka ardhini kwenda juu na watu huenda chini badala yake. Naujua mji huo. Nilikaa miaka minane humo nikisukuma makaa ya mawe, nikapigwa na kila mwenye mkono. Kule ndiko nilikojifunzia kucheka. Mtu anayepigwa akacheka hupigwa kidogo, au hupigwa zaidi, lakini kwa vyovyote mkono wa mpigaji huingiwa na wasiwasi. Nilirudi sina jino la mbele, nina utani mara mbili ya niliokwenda nao.

Kwa Mwanamvua sikukaribishwa kwa jina la mtu. Nilimkuta juu ya paa anaezeka, mtoto wa miezi mitano amefungwa mgongoni, anashusha nyasi kuukuu kichwani mwangu makusudi. Mumewe alikuwa ameondoka kabla mtoto hajazaliwa. Alinitazama kupitia tundu la paa.

"Bado hujafa wewe?"

"Nakungoja utangulie, nikarithi nyumba."

"Utairithi inavuja. Shika kamba hiyo, mikono yako ipate kazi siku moja."

Nikashika kamba. Nikamwambia nimekuja kuandika miaka yake, na kwa kuwa anaezeka, analima kwa jembe la ng'ombe na jana amemzalisha kondoo peke yake, sioni kwa nini nimwandike upande wa wanawake. Akasema niandike ninavyotaka, ila nisiwe mwongo kwenye uzuri wake. Tukacheka mpaka mtoto naye akacheka, bila kujua. Nikaandika: Mwanamvua, mwanamke, ishirini na minne. Nasisitiza, hivyo ndivyo nilivyoandika siku ile.

Jumla walikuwa watu mia tatu na kumi na wawili. Nilipomaliza kuwapanga niliketi mbele ya ngazi yangu. Sijui kama nilisinzia. Najua nilianza kuipanda. Nilipita kidato cha watoto, nikapita cha makumi, na kushoto kwangu wanawake walisimama bega kwa bega, wakanipisha. Nikafika kidato cha ishirini, nikaweka mguu wa kulia, na hapakuwa na kitu. Wanaume wanne tu kwenye ubao mzima: kiguru, kiziwi, mwadhini, na mmoja aliyekwisha kufunga mzigo wa safari. Upande wa pili wanawake thelathini na tisa. Mguu wangu ukaning'inia. Nikatazama chini kwenye pengo lile nikasikia, kwa mbali sana, makoleo, makoleo yanakwangua makaa, na mmoja wa wanaokwangua alikuwa akicheka kwa sauti yangu.

Mtu ni nani? Nauliza kama mjinga. Ni yule anayejijua kwa ndani, au ni yule anayesemwa na wenzake, au ni yule aliyeandikwa? Nikijisema mimi mwenyewe, nani ataamini? Nikisemwa na wengine, nitapinga kwa ushahidi gani? Na kama nimekwisha kuandikwa, je, yule anayekula na kulala na kuumwa mgongo amebaki na kazi gani, zaidi ya kumfuata yule wa kwenye karatasi kila aendako, kama mke wa zamani?

Hayo niliyawaza baadaye. Siku ile nilipeleka ngazi kwa Bwana Jedwali.

Aliitazama kwa muda mrefu. Hakunifokea. Angenifokea ningecheka, na mambo yangeishia hapo. Alisema kwa upole kwamba ngazi hii haipandiki, kwamba kule itakakokwenda wataitandaza mezani karibu na ngazi za wilaya nyingine, zilizonyooka, zilizoshiba pande zote, na hii itakuwa kama kinywa cha mtu aliyepigwa. Aliposema hivyo alikuwa anatazama pengo langu la jino, au nilidhani hivyo. Kisha akasema neno dogo tu.

"Wilaya ya wanawake. Na wewe ni wa huko huko, si ndiyo?"

Angalia lilivyo jepesi neno lile. Sikupewa kitu, sikutishwa. Nilioneshwa tu kwamba nimetoka mahali pasipo na wanaume, nikahisi suruali yangu inapwaya. Nikacheka. Nikamwambia, Bwana, kumbe nimesahau ukurasa. Nikaketi kwenye kona, nikawatafuta wanawake kumi na mmoja ambao siku zote nilikuwa nikiwatania kwamba ni madume: wenye mikono ya kushika jembe la ng'ombe, wenye sauti, waliojenga, waliozika. Nikawafuta kushoto nikawaandika kulia, chini ya wale wanne. Kumhamisha Mwanamvua kulikula upana wa kidole kimoja wa karatasi. Nilipuliza wino ukauke. Moyoni nilijiambia, huu ni utani, na mtani hashtakiwi. Niliona hata kwamba nimewapa heshima. Haya, na wewe cheka.

Ngazi ikapanda meli, au ikapanda farasi, au iliota miguu ikaenda yenyewe. Shayiri ikachipua. Mtoto wa Mwanamvua akaanza kutambaa. Mimi nikavaa kofia yangu kila siku, hata shambani.

Barua ilisomwa kwenye uwanja wa kupuria ngano, watu wote wamesimama kwenye makapi. Malkia alikuwa anatoboa mlima ili gari la moshi lipite chini yake. Kila wilaya itabakiza wanaume wanne wa miaka ishirini mpaka thelathini, wa kulima na kuzika. Waliozidi wanne wataletwa, wakachimbe miaka mitatu. Wilaya yetu, kwa mujibu wa kitabu, ilikuwa na kumi na watano. Wanne wa kwanza kwenye orodha wabaki. Kumi na mmoja waje. Yakasomwa majina.

Sauti ya kwanza kucheka uwanjani pale ilikuwa yangu. Wengine wakafuata, wakaniangalia mimi, wakacheka zaidi, wakasema leo huyu ametushinda, leo kaitania serikali. Mwanamke mmoja mfupi wa miaka ishirini na minane aitwaye Sikudhani, jina lake la pili kwenye orodha, alicheka mpaka akaketi kwenye makapi. Akaniuliza kama huko mlimani atapewa suruali au aende na yake. Wale wanaume wanne halisi hawakucheka. Walikuwa wameshaondoka uwanjani.

Kesho yake nilikwenda kwa Bwana Jedwali peke yangu. Nilitaka jambo litengenezwe bila kelele, kama mtu anavyochomoa mwiba kwenye unyayo wake huku anaongea mambo mengine. Aliniambia kitabu kimekwenda kimerudi na muhuri, na hawezi kugusa mstari. Lakini alifungua ukurasa wa kwanza, akanionesha maneno yaliyoandikwa na makarani wa kale waliojifunza desturi zetu: lililosemwa na mtani limekubaliwa, na halipingwi ila kwa kinywa cha mwenye miaka yake, akisimama mbele za watu akajitaja mwenyewe, na mtani akikubali kwamba alisema uongo. Basi. Dawa ilikuwa hiyo. Wasipojitaja, watakwenda mlimani kama wanaume, na mtoto wa miezi minane atabaki na nani, hilo kitabu hakina safu yake.

Nilirudi na dawa mkononi, na sikumpa mtu.

Ningempaje? Ingenibidi nimwendee Mwanamvua nikamwambie, funga miaka yako fundo, ifupishe, ili kufuta mchezo wangu. Na ingenibidi nisimame mbele ya watu wote niseme mimi ni mwongo, si mtani, mwongo tu, mtu mwenye kofia. Nikajiambia huenda barua nyingine itakuja. Huenda mlima utajitoboa. Siku ya kwanza nilimwona Mwanamvua anamwachisha mtoto ziwa kwa shubiri, mapema mno, mtoto anageuza uso, analia, anarudi tena. Alikuwa anamzoesha. Siku ya pili nikapita njia nyingine. Siku ya tatu niliumwa. Siku ya nne niliandaa maneno. Siku ya tano maneno yale yalinichekesha, maana hata kwenye kuungama nilikuwa nimetia mzaha mwanzoni ili yateleze. Siku ya sita nilikaa.

Siku ya saba askari walikuja, saa nne, ukungu bado, wakatuita sote uwanjani kwenye makapi.

Walikuwa watatu, na mkubwa wao alikuwa mtu mnene mwenye haya, jasho linamtoka kwenye baridi. Alisoma majina, wanawake kumi na mmoja wakatokea kwenye ukungu mmoja mmoja wakajipanga. Alitazama karatasi, akawatazama, akarudi kwenye karatasi kama mtu aliyepoteza njia anavyorudi pale njia ilipogawanyika. Akamwambia Mwanamvua, aliyekuwa wa kwanza, kwamba yeye ametumwa wanaume kumi na mmoja. Akiwaacha, yeye na wenzake wawili watahesabiwa watoro, na ana watoto. Akiwapeleka, huko mbele watajua wenyewe. "Dada," alisema, "mimi sioni. Nimeagizwa nisome."

Hapo nikavua kofia, nikasogea katikati. Miguu yangu ilikuwa ya mtoto wa miaka tisa. Nikasema: hawa ni wanawake. Mimi niliwaandika wanaume. Hawakusema wao, nilisema mimi, na nilijua.

Halafu mtu mmoja nyuma akapuliza pua, na uwanja mzima ukapasuka kwa kicheko. Walicheka kama hawajawahi kucheka. Mtu mmoja akasema, tazama anavyojua kununa leo. Nikasema siwatanii. Wakacheka zaidi. Nikaapa kwa mama yangu, wakapiga makofi. Machozi yalinitoka, wakasema yupo mtu mwingine duniani anayeweza kulia akitaka? Nilikuwa nimewapa kicheko miaka na miaka, sasa nilikuwa nawaomba wakirudishe, na hawakuelewa naomba nini. Hata askari mnene alikuwa anatabasamu. Nikazungukazunguka nikitafuta uso mmoja usiocheka. Kama ndoto zina sakafu, mimi siku ile niliigusa kwa kisogo.

Uso ulikuwepo. Mwanamvua alikuwa ananitazama, amemhamishia mtoto kifuani.

"Inafutwaje?" aliniuliza.

Nikamweleza. Mwenye miaka ajitaje kwa kinywa chake, mbele za watu, na mimi nikubali nilidanganya; ndivyo kinavyoruhusu kitabu chenyewe, ukurasa wa kwanza. Nilieleza polepole, na kadiri nilivyoeleza watu waliacha kucheka, mmoja mmoja, kama taa zinavyozimwa nyumbani kwa watu wanaokwenda kulala.

"Ulijua lini?"

"Siku sita."

Alinitazama kwa muda wa siku sita, moja baada ya nyingine, na zote nilizihesabu, maana kuhesabu ndiyo kazi yangu. Nilimwona anapita kwenye ile ya kwanza, ya shubiri. Halafu akageuka, akawa hanioni, akamtazama askari.

"Mimi Mwanamvua," alisema. "Mwanamke. Nina miaka ishirini na minne."

Hujapata kusikia kitu kama hicho. Hapana mtu wa wilaya ile aliyewahi kukisikia. Wanawake wazee walifunika masikio ya wajukuu. Neno lile, ishirini na minne, lilitoka kwenye kinywa chenyewe, bila mzaha wa kulibeba, bila mtu wa kulipunguza au kulizidisha, likasimama uwanjani uchi. Na mimi, kwa kuwa kitabu kilitaka hivyo, nikasema: nilidanganya.

Wa pili alikuwa Sikudhani. Aliangalia huku na huku akimtafuta mtu wa kumwambia kwamba yamekwisha, twendeni nyumbani. Akaniangalia mimi, kwa mazoea, kwamba labda nitasema kitu cha kuchekesha, kitu cha kumvusha. Sikuwa nacho. Basi akasema. "Sikudhani. Mwanamke. Ishirini na minane." Akajifunika mdomo kwa viganja vyote viwili, kama anayetaka kurudisha kilichotoka. Nikasema: nilidanganya.

Walijitaja wote kumi na mmoja. Wengine walisema haraka, kama anayeruka moto. Mmoja alishindwa mara mbili, Mwanamvua akamshika mkono, akasema mara ya tatu. Na kila baada ya mmoja, nilidanganya, nilidanganya, mpaka neno likapoteza ladha likawa kama makapi yale tuliyosimama juu yake. Nilidhani nikilisema mara kumi na moja nitatua mzigo. Halitui. Linajipanga tu, kidato juu ya kidato, na juu kabisa nipo mimi, nimeshika ukingo.

Askari mnene alifuta, akaandika, akaomba radhi, akaondoka na wenzake kwenye ukungu mikono mitupu. Tulibaki kama tulivyo: wanaume wanne, wanawake thelathini na tisa, na pengo lililo wazi kwenye kitabu, ambalo hadi leo, nimeambiwa, yeyote anayefunua ukurasa wetu hulitazama na kufikiri kuna karani mzembe aliyesahau kuandika.

Kofia niliiacha palepale kwenye makapi. Hakuna aliyeiokota.

Sikudhani hakufika mavuno. Alianza kukohoa mwezi wa tatu baada ya siku ile, akanywa majani ya kila aina, akafa asubuhi moja ana miaka ishirini na minane. Hakuna aliyesema ni kwa sababu ya ile namba. Hakuna aliyesema si kwa sababu yake. Mimi nimewahi kuishi mjini, nimeona vikohozi, najua mapafu ni nini. Nalijua hilo kila mchana. Nikiingia kwenye ukungu silijui.

Nikaenda msibani. Ilikuwa haki yangu na wajibu wangu, kwa kuwa kwetu mfu haendi salama bila mtani wake. Mtani ndiye anayeingia kaburini kabla ya maiti, akalala, akasema kaburi hili ni langu, huyu amenipora, mtoeni. Huvaa nguo za marehemu akatembea mwendo wake mpaka wafiwa wacheke katikati ya kilio. Ndiye anayezuia jeneza njiani. Bila yeye huzuni hukaa tumboni ikachacha. Nilikuwa nimefanya hivyo kwenye misiba mia. Nilikuwa na mwendo wa Sikudhani tayari miguuni, ule wa kutupa bega, nilikuwa hata nimekwisha kufunga kanga kiunoni.

Nilipotokea uani, wanawake waliacha kuongea. Si kwa ubaya. Walinipisha. Kaburi walikuwa wamelichimba wenyewe, na lilikuwa limekwisha, na hapakuwa na mtu aliyelala ndani yake kulidai. Nilisimama na kanga yangu kiunoni kama mtu aliyekosea nyumba. Nikatupa bega mara moja, hatua moja, mbili. Hakuna aliyecheka. Hakuna aliyenifukuza. Mtoto mmoja alianza kutabasamu, mama yake akamgusa begani, taratibu, kama unavyomfundisha mtoto adabu mbele ya mgeni.

Kisha Mwanamvua akatoka ndani amebeba kigoda, kile kizuri, cha kukalia wakubwa. Akakiweka kivulini, mbali kidogo na kaburi, akakifuta vumbi kwa upindo wa kanga yake. Mtoto wake alikuwa anatembea sasa, amemshika mguu. Akapiga goti mbele yangu, macho chini, kwa adabu kamili, isiyo na hata chembe ya mzaha ndani yake, adabu anayopewa mtu usiyemjua.

"Shikamoo, mzee."

Nilingoja. Nilingoja kidogo tu, labda kuna kitu kinafuata.

"Marahaba," nikasema, nikakaa.